Ukoo wa Sikio

Enzi zetu, sisi tuliorejea Maskati kutoka Unguja tukiwa watoto, Kiingereza kilikuwa mchezo wa alasiri, juu ya mkeka wa uani, mikono bado inanuka samaki na ndimu. Mmoja hutaja herufi tatu zinazofuatana. Wengine humwaga maneno yenye herufi hizo, na maana zake. Anayeshindwa huosha masufuria. Salum, mtoto wa ami yangu, hakuosha hata moja. Alikuwa darasa la nne, ilhali mimi nilitimiza miaka kumi na miwili bila ya kukanyaga skuli.

"Kubwa jinga!" akinambia. "Hebu kamata steliwaya, usugue."

Bibi alitaka nibaki naye jikoni. Baba akakata shauri: mwalimu mkuu anipime. Akinipokea darasa la tatu, nisome. Akiniweka la kwanza na watoto wa miaka sita, nirudi nyumbani moja kwa moja, kwani aibu hiyo hakuiweza.

Tulikwenda Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Mwalimu mkuu, mama wa Kimisri, aliandika ubaoni: *ear, hear, heart, tear, earth, bear*. Nilijua la kwanza tu, sikio. Mengine niliyapigia hesabu ya Kiarabu niliyoipata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani: kitabu, katibu na maktaba ni ndugu kwa sababu herufi zao ni zile zile, basi na haya ni ukoo mmoja, na babu yao ni sikio.

*Hear*, nikasema, ni kusikia. *Heart* ni sikio la ndani, yaani moyo. *Tear* ni chozi, kwa kuwa neno baya huingilia sikioni likatokea machoni. *Earth* ni jirani, maana hapana habari isiyomfikia. Na *bear*, sikusita, ni sungura.

Mama yule alivua miwani akaifuta.

"Ardhi si jirani, na dubu si sungura," alimwambia baba. "Lakini makosa yake yana sababu. Wangu wa darasa la tatu hawana sababu hata wanapopatia. Niachie huyu."

Njiani kurudi, tulipofika Matrah, baba alisimama dukani akaninunulia mkoba wa skuli.

"Haya, msomi," bibi akanipokea, "masufuria yanakungoja."

Salum aliposikia habari ya sungura alicheka mpaka akalala chini. Tangu siku hiyo akaniita Sungura: uani, kisha mbele ya mashangazi siku ya harusi yetu, kisha mbele ya watoto wetu wanne, na hospitali, alipokuwa hana tena nguvu ya maneno marefu.

Wajukuu wangu wa Al Hail huiuliza simu maana ya maneno, nayo huwajibu sawasawa, wakasahau kabla chai haijapoa. Husoma vizuri, sikatai. Lakini hawakosei mbele ya mtu, maskini, na hapana aliyewahi kuwacheka mpaka akalala chini. Salum ametangulia, ni mwaka wa tatu huu. Wote sasa wananiita Bibi, kwa adabu kubwa.