Katambuga Mlangoni mwa Kanisa

Juzi nilipita kwenye lile kanisa la Kilutheri walilojenga Wajerumani karibu na bandari, lenye vijipaa vya vigae vyekundu juu ya madirisha. Bibi mmoja alikuwa anavua ndala mlangoni. "Ingia nazo tu, bibi," akaambiwa.

Mimi, nilipoingia humo utotoni, hakuna aliyeniambia. Jirani yetu wa Kariakoo alikuwa anamwozesha binti yake, na mama akanichukua harusini, ingawa sisi ni Waislamu. Nilivua katambuga zangu za tairi kizingitini, kama msikitini, nikaingia peku. Sakafu ilikuwa baridi, inanukia nta, na watu wote walipita ko, ko, ko na viatu vyao. Watoto wa kwaya wakaitazama miguu yangu, wakafinyana. Nikaisukuma nyuma ya ubao wa chini ya benchi, nikidhani umewekwa kuwasitiri wenye aibu. Siku hizi najua ni wa kupigia magoti.

"Mama, twende nikavae," nikanong'ona.

"Tulia, mwanangu."

Tulipotoka, kizingitini zilikuwepo jozi mbili: katambuga zangu na makubazi ya mama. Kumbe naye alikuwa peku, baibui limemfichia miguu. Akavaa taratibu, mbele ya watu wote, akiwasalimia. Mimi nilivaa nimeinama, na mpaka leo nikipita pale vidole vinajikunja ndani ya viatu.