Mbegu Zilizotaka Moshi

Kabla ya kuja Uswidi, Concessa, mkimbizi kutoka Burundi, alifanya kazi Cape Town kwenye kitalu cha miche kilicho chini ya mlima. Hapo ndipo alipojuana na Ludovic, Mrundi mwenzake aliyekuja kuwa mumewe, wote wawili wameinamia miche ya protea, kichaka cha kule kisichopukutisha majani, chenye ua kubwa kama bakuli. Ludovic alifariki muda mfupi baada ya wao kuhamia Jakobsberg, mji wa huko Uswidi. Tangu hapo Concessa hakupanda kitu, hata kitunguu.

Mwaka jana, siku yake ya kuzaliwa, binti yake Natacha alimpa pakiti ya mbegu za protea.

"Mama, huku hazitaota," alimwonya kwa Kiswidi. "Lakini nilipoona picha nilimkumbuka baba."

Kwa furaha, Concessa alizipanda upesi kwenye udongo mweusi wa dukani uliojaa mbolea. Zikaoza. Alikaa jikoni akajicheka kwa uchungu. Protea hutaka mchanga maskini, mchachu kidogo, usiotuamisha maji. Ukiilisha sana, inakufa. Ludovic alikuwa akiyasema hayo kila siku. Kuyasahau kulimuuma kana kwamba ameisahau sauti yake.

Zilibaki mbegu chache kwenye pakiti. Kule Cape Town, mbegu hizo hulala ardhini mpaka moto upite vichakani, kisha mvua za baridi zije. Basi mwisho wa Agosti, watu wa kanisani walipokwenda kuchoma nyama kando ya ziwa, Concessa alibeba trei ya mchanga, akaiweka pale moshi ulipoelekea.

"Mama Natacha, leo unatubanikia mchanga?" akauliza Adrienne, rafiki yake Mkongomani.

"Naziamsha mbegu."

Akamsimulia: jinsi walivyokuwa wakifukiza trei kitaluni, jinsi Ludovic alivyorudi nyumbani ananuka moshi na bado akataka kukumbatiwa. Adrienne alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatupia motoni matawi mabichi, moshi ukatanda, mchungaji akahamisha kiti chake huku akikohoa.

Concessa aliiweka trei kwenye roshani yake yenye vioo. Mchana jua, usiku baridi, kama majira ya kule. Oktoba ikaota miche miwili. Mmoja uliuawa na barafu. Wa pili aliuingiza chumbani kwake, dirishani, akazima kipasha joto, akalala na sweta.

"Mama, unalala kwenye friji kwa ajili ya mmea?" Natacha alishangaa.

"Baba yako alilala madirisha wazi miaka yote. Nimezoea."

Mche sasa una urefu wa kiganja, na majani magumu ya kijani. Maua yatachukua miaka. Asubuhi Concessa hunywa kahawa kando yake, akiuhadithia kwa Kirundi habari za watu wa kitaluni: nani ameoa, nani amerudi Bujumbura.