Maji ya Vuguvugu

Juzi, katika duka moja hapa Likasi, mbele yangu walisimama wanafunzi wawili wa uuguzi, wakiwa bado na makoti yao meupe ya hospitali. Mfupi wao aliomba termosi kubwa kuliko zote.

Mwenzake akacheka. "Weye, unaenda stage ya hospitali ao unaenda kuuzisha chai?"

"Ni ya kuoshea wafu."

Kicheko kikakatika. Msichana yule mfupi akaeleza huku akitazama vidole vyake. Bibi mmoja alifariki wodini, naye akaambiwa amwoshe, kwa mara yake ya kwanza. Maji ya bomba yalikuwa baridi sana. Kila alipopitisha kitambaa alisema, "Pole, mama." Alipomaliza alitaka kuacha shule.

"Lakini mufu hasikiaka baridi, ndugu yangu!"

"Sijui. Miye nilisikia."

"Na kesho utarudia?"

"Kama niko na maji ya moto, nitarudia."

Mwenye duka, mzee Mwislamu ambaye huosha maiti wa msikiti wao, aliishusha termosi kutoka rafu. Aliifuta vumbi, akaiweka mbele ya msichana, kisha akakunja mkono wa kanzu na kugusa ngozi laini iliyo chini ya kiganja.

"Ya moto sana, hapana, mutoto wangu. Unajaribisha kwanza hapa, sawa vile maji ya kuogesha mutoto muchanga."

Msichana akakunja mkono wa koti lake, akagusa palepale.

Nimeandika mashairi mengi juu ya kifo. Hakuna hata moja lililouliza kama maji ni ya baridi.