Makufuli ya Kikatiti

Mitumbwi yangu ilikuwa mitano, ya faiba, ya kukodisha kwa wageni wanaokuja kupiga makasia kwenye ziwa letu dogo chini ya Tengeru. Ziwa lenyewe ni la kuvuka ukiwa unapiga soga. Mimi naishi Sekei, kule mjini, kwa hiyo aliyelinda mali hiyo ni mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, ambaye shamba lake la migomba na kahawa limepakana na njia ya kushukia majini.

Mjomba alikuwa na namna yake. Kila jioni aliifunga mitumbwi kwenye mizizi ya mti kwa kamba ya katani, kwa fundo analofungia ng'ombe wake, kisha akapanda na makasia yote mpaka nyumbani. Asubuhi alikuwa akiliangalia fundo tu, anajua kama kuna mkono uliopita. Miaka mitatu hatukupoteza hata kasia.

Mimi nikaona ni mambo ya kizamani. Siku moja nikashuka mnadani Kikatiti, nikanunua minyororo na makufuli matano yanayong'aa, yote kutoka boksi moja. Kila kufuli na funguo zake mbili, mmoja wa mjomba, mmoja wangu, na nikazifunga nyuzi za rangi tusije tukazichanganya. Mjomba aligeuza kufuli moja mkononi.

"Mama, chuma hakitaniambia kama kimeguswa," alisema. Huwa ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Nikamjibu kwamba zama hizi hatufungi mali kwa kamba ya ng'ombe. Nina ulimi mwepesi, naujua, na mume wangu anaujua zaidi.

Haukupita muda, asubuhi moja mjomba akanipigia simu. Mitumbwi miwili haipo. Nilipofika, mmoja ulikuwa umeonekana ng'ambo, umezama kwenye matete, umetobolewa kwa panga sehemu nne. Ule mwingine hatujauona mpaka leo. Lakini kilichonichemsha damu ni makufuli. Hayakuvunjwa. Yalikuwa yamefunguliwa vizuri, yananing'inia kwenye mnyororo.

Wageni walikuwa wameshafika, na majirani wamesimama. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilisema pale pale, kwa sauti, "Mjomba, funguo ziko kwako na kwangu tu. Na mimi nilikuwa Sekei."

Alitoa funguo zake tano mfukoni, akaziweka juu ya mtumbwi mmoja, akapanda kwenda kwake.

Mjomba ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata alikataa kupitisha kapu la sadaka, akawaambia wenzake kwamba mtu aliyeitwa mwizi hawezi kushika fedha ya Mungu. Akahamia benchi la nyuma kabisa. Nilipoambiwa, nilisema moyoni, hata aibu imemshika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Kama miezi miwili baadaye, jirani yangu pale Sekei alipoteza ufunguo wa banda la kuku. Kuku wanalia njaa ndani, yeye anazunguka tu. Kufuli lake nililitambua, ni kama yangu, naye alilinunua Kikatiti vilevile. Akaniambia nilete funguo zangu tujaribu. Nikatoa ule wenye uzi mwekundu. Ukaingia, ukazunguka, kufuli likaachia.

"Kumbe ni wewe unayeniibia mayai," akanitania.

Nilikaa chini kwenye matofali. Mchana ule ule nikaenda ziwani. Ufunguo wenye uzi mwekundu ulifungua makufuli yote matatu yaliyobaki. Mtu yeyote aliyenunua kufuli kama lile alikuwa na ufunguo wa mitumbwi yangu, na mimi ndiye niliyempa, kisha nikamwita mjomba mwizi.

Jumapili niliomba nafasi wakati wa matangazo. Nilisimama mbele ya usharika nikasema nilimsingizia, na kwamba kosa ni langu na makufuli yangu. Mjomba alikuwa benchi lake la nyuma. Ibada ilipokwisha alitoka bila kunisubiri.

Niliogopa. Kwetu Meru, aliyekosa akija na jani la sale, ule mmea wa mipakani, lililofungwa fundo, aliyekosewa hawezi kumkatalia msamaha. Nikalikata kwenye mpaka wa shamba la marehemu mama, nikaenda nalo. Nilitaka uhakika, huo ndio ukweli wenyewe.

Nilimkuta uani anachambua kahawa. Nikapiga magoti, "Shikamoo mjomba," nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akalipokea.

"Marahaba. Limekwisha," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mama, ungekuja mikono mitupu. Nilikuwa bado najiuliza kama nitakusamehe, na nilikuwa nakaribia kujua. Sasa umenifunga."

Akanivutia kigoda, tukachambua kahawa pamoja mpaka ikaisha.

Hatujagombana tena. Nikimsalimia ananiitikia, nikimpelekea sukari anapokea, watoto wangu wanakula kwake. Ziwani harudi, wala sijamwomba. Mara nyingi natamani kumuuliza kama siku ile, bila lile jani, angenisamehe. Lakini sale ikishapokelewa, jambo lile halitajwi tena, na mimi ndiye niliyeipeleka.