Aproni Isiyo na Mfuko

Ukiona neno damu utasogeza kidole upite. Nakujua. Umezoea kutazama pembeni.

Siku ile nilitazamwa mimi, na wanawake arobaini. Msimamizi wetu wa kiwanda cha nguo, tuliyembandika jina Mama Rula, alikiinua kiti changu juu kama kuku wa mnadani.

Kina doa.

"Nani kachinja hapa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, jamani. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ninao wanne, wa tano ningemlaza wapi? Na mume wangu alishachoka na matone yasiyoisha. Kasema niviache, ama nihamie chumba cha watoto.

Nikaenda zahanati kusema basi, naacha.

Nesi akaniuliza swali moja tu. "Unameza saa ngapi, dada?"

"Nikirudishiwa mkoba."

Ikabidi nimweleze. Mikoba yetu hufungiwa getini, na aproni hazina mifuko, eti tusiibe vifungo. Wakituongezea kazi ghafla, kidonge kinangoja. Leo saa kumi jioni, kesho saa mbili usiku.

Akanipima mimba kwanza. Sina. Akasema vidonge vya aina yangu vinataka saa ileile kila siku. Ukichelewesha damu inapenya, na mimba nayo inaweza kupenya. Isipotulia, nirudi tutafute njia nyingine.

Kumbe kiwanda ndicho kilichonitoa damu, kisha kikanicheka.

Nikamfuata Mama Rula, nikaomba mfuko mmoja. Kengele ya saa kumi ikalia. Akageukia ukuta kama alivyofanya miaka sita, akatia kitu mdomoni, akashushia maji. Tulidhani ni dawa ya kichwa.

Safari hii nilikuwa karibu. Niliiona pakiti. Vidonge vilevile.

Koti lake lina mifuko miwili.

"Shona wako," akaninong'oneza. "Ila wenzako wasijue."



Niliwaambia wote. Kesho yake kengele ilipolia, wanawake kumi na mmoja hawakugeukia ukuta. Walimgeukia yeye, wakachomoa vidonge kwenye mifuko waliyoshona usiku, wakameza.

Mwezi wa pili tangu hapo, matone yangu yalikata.

Kutwa tunashona mifuko ya watu wengine. Wewe uliyefika hapa bila kutazama pembeni, chukua sindano. Shona wako leo, kabla ya zamu ya kesho.

Kisha shona wa jirani yako.