Pembe ya Pilipili Manga

Kijijini Kinole wote waliwaita Wasabato. Lukasi na kaka yake Andrea walieleza weee kwamba wao si Wasabato, wanafuata dini ya Kiyahudi, mwisho wakachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Andrea ndiye aliyeileta dini hiyo kutoka Arusha, alikokwenda kufanya useremala, na mdogo wake akamfuata.

Na kwa Wayahudi Torati haisomwi kimya kimya kama gazeti. Wanakaa wawili, mmoja anasema, mwingine anapinga, hata kama moyoni anakubali. Ndugu hawa walibishana mpaka mbuzi wakashtuka zizini.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa wa pembe ya shamba. Torati inamkataza mkulima kuvuna mpaka mwisho. Pembe ni ya maskini, waje wavune wenyewe. Ila sheria hiyo ni ya mazao ya chakula.

"Pilipili manga si chakula," Lukasi alikuwa akisema. "Nani amewahi kushiba pilipili?"

"Basi kula pilau bila hiyo, mjinga wewe," Andrea alimjibu, na kila msimu pembe ya chini, karibu na njia, iliachwa. Aliyekuwa akiichuma ni Bibi Asia, mjane wa Kiislamu wa jirani.

Masika yaliyopita Andrea aliugua, akafa. Lukasi akafa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Alikula alichopewa, akaitikia salamu, akalala. Pilipili zilipokomaa akabaki na swali moja tu: pembe ya Andrea aiache au aivune?

Hakuwa na wa kubishana naye. Alikuwa na simu, na ndani yake akili mnemba aliyowekewa na fundi wa simu kule Kihonda, inayojibu kila kitu kwa Kiswahili safi kuliko cha padri. Jumapili akakaa penye jiwe, mahali mtandao unapokamata, akauliza. Ikamjibu kwa adabu kwamba sheria ya pembe kimsingi ni ya mashamba ya nchi ya Israeli. Yeye wa huku haimbani.

Akaandika, "Na pilipili si chakula."

Ikasema hiyo ni hoja nzuri sana.

Lukasi akangoja apingwe. Hakupingwa. Mtu asiye na ganzi moyoni angeushuku ushindi wa bure namna ile, lakini yeye alisema, "Haya," akaondoka. Kesho yake alichuma shamba zima, pembe na yote, akaanika kwenye mkeka.

Bibi Asia alikuja na kikapu, akasimama njiani akiyatazama mashina matupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshachuma na huku?"

"Na huko. Nimesoma, bibi. Sheria hainilazimishi."

"Umesoma na nani?"

Lukasi aliinama mkekani, akachota pilipili kwa viganja viwili, akamnyooshea. "Chukua hizi basi."

Bibi Asia hakusogeza kikapu.

"Hiyo sadaka, mwanangu. Sadaka wapo wa kunipa, Mungu awabariki. Hapa mimi nilikuwa nakuja kuvuna changu."

Akaaga vizuri, akashika njia, kikapu kitupu mkononi. Lukasi akabaki amesimama na pilipili zake, hajui aziweke wapi. Kitu kikamchoma kifuani, kikali, cha kwanza tangu mazishi. Kaka yake hayupo. Angekuwepo, angemwita mjinga mbele ya watu, wangegombana mpaka jua lizame, na Bibi Asia angekuwa pale chini sasa hivi, anachuma.