Kidole cha Babu kwenye Fonii

Juzi mukaza mwana wangu alisimama katikati ya nyumba yangu ya Majengo, mikono kiunoni, akanionyesha fonii yangu kwa kidevu. "Mama, hili sanduku litoke. Tunataka fasi ya friji." Friji! Hapa kwetu umeme unakuja kama mukwe mwenye haya, unachungulia na kurudi. Atagandisha nini, giza? Nilimwambia friji yake ilale nje na mbuzi.

Wewe rafiki yangu pengine hujui fonii. Mimi masomo niliyaacha primeri, lakini hii naijua. Ni redio inayosema na kusikia. Batri ya gari chini, waya mrefu juu ya miti, na mikro ya kusemea yenye kitufe ubavuni. Ukifinya, unasema. Ukiachia, unasikia. Vyote viwili kwa mara moja haiwezekani, ndiyo maana wapumbavu hawakuipenda.

Baba yangu aliipenda kama wenzake walivyopenda pombe. Tulikaa Kalengera, kando ya barabara kubwa. Muchana alilima maharage. Jioni ananawa, anavaa shati safi, ndiyo, shati safi kwa watu wasiomuona, anaanza kuita. Hakuuza kitu. Alitaka tu kujua kama kwingine mvua imenyesha. Hewani aliitwa Korongo, na rafiki yake wa Vitshumbi, kule kwenye ziwa la samaki, aliitwa Kiboko. Walikuwa hawajaonana hata siku moja. Mama alikuwa anasonga bugali na kucheka: "Bwana yangu ameniletea muke wa pili, tena anakula batri!" Mimi chini ya meza, nanusa vumbi lililopata moto, nasikia ule muvumo, shiiii, kama mafuta yanayongoja vitunguu. Mupaka leo wimbo wa kanisa haujanishika hivyo. Muchungaji akasirike akipenda.

Sasa, kijana wa Kiboko alipita kwetu kuuza samaki wakavu, akamuona shangazi yangu, dada mudogo wa baba. Wakapendana. Barabara ilikuwa matope matupu, basi wazee wakakubaliana: kabla ya kutembeleana, wasalimiane kwanza kwa fonii.

Shida ilikuwa babu. Babu alishuka kutoka milima ya Masisi na ng'ombe zake, na alidharau kila kitu kisicho na pembe. Samaki kwake alikuwa mududu aliyelowa. Alisema: "Nitawasalimu kama watu wanavyosalimiana. Nikisema *Amashyo*, yaani muwe na makundi ya ng'ombe, wajibu *Amashongore*. Wasipoitika, mutoto wangu haendi." Baba akamufundisha Kiboko lile jibu jioni nyingi. Wavuvi wakalirudia kama watoto wa katekisimu.

Siku ikafika, baada ya misa. Nyumba ikajaa majirani waliojifanya wanaomba chumvi. Shangazi akafukuzwa aende jikoni atwange sombe, majani ya muhogo, kwa sababu binti hakai fasi wanapomuzungumzia.

Babu akashika mikro kwa mikono yote miwili, akafinya. "Amashyo!" Akangoja. Hakuachia kitufe. Kimya. "Amashyo!" Kimya. Baba akainama: "Muzee, uachie hapo pembeni."

"Niachie? Neno ni kibuyu cha maziwa. Unakishika mupaka mukono wa mwenzako ukipokee. Ukiachia mbele ya wakati, umemwaga. Wewe nani alikulea?"

"Watu wa samaki," mama jirani akapaza sauti, "wamenyamaza kama samaki!" Wote wakapasuka kicheko. Pumbavu zao. Baba alitoka jasho mupaka shati safi ikashikana na mugongo, lakini kumunyang'anya baba yako kitu mukononi mbele ya watu, kwetu hakuna. Babu akainuka, kidole kingali kimefinya. "Wamenikatalia salamu. Ndoa imekufa."

Hapo shangazi akaingia, mikono ya kijani kwa sombe. Hakupiga magoti. Alishika kidole gumba cha babu akakibandua, vile unavyobandua kupe kwa ng'ombe. "Baba, achia! Wanakujibu tangu saa ile, wewe ndiye umewaziba midomo!"

Sanduku likalipuka. "...shongore! Amashongore, muzee! Jamani, muzee amekufa?" Na sauti ya Kiboko juu ya zote: "Korongo, tumeitika mupaka ndege wamekimbia ziwani!"

Babu akatazama kidole chake cha kijani. Akakitazama sana. "Sawa," akasema. "Wana sauti."

Shangazi akaolewa Vitshumbi, akazalia kule, akazeekea kule. Kila Yenga, baada ya misa, babu alikuja kuongea naye, anasema, anaachia, anasikia. Kusema asante kwa binti yake, ng'o. Mupaka anakufa alikuwa akiwaambia watu: "Wale wa ziwa walikuwa wagumu, lakini niliwafundisha adabu."

Baba alinifundisha kazi ya mikro, na mwaka baada ya mwaka nimechokoza watu wa mbali kwa kuwauliza habari za mvua. Sasa nani amebaki? Korongo amekwenda, Kiboko amekwenda, shangazi amekwenda. Waya zimekatwa, watu wakaanikia nguo. Kila mutoto ana telefone mufukoni na wote wamefinya, hakuna anayeachia. Mujukuu wangu ananitumia sauti ndefu kama ibada, yangu haisikilizi. "Nyanya, sina muda." Muda ameupeleka wapi? Babu alikuwa na kichwa cha jiwe, lakini yule walau kidole chake kilibanduka.

Kutuma, fonii yangu haiwezi tena, kusikia tu. Najua. Na bado jioni naifungua, nafinya, nasema habari za siku yangu, naachia. Hakuna mutu. Ni ule muvumo tu, shiiii. Lakini una adabu kupita hawa wote: unaningoja nimalize.